Sufuria ya Watu Wawili

Nyumbani kwangu chumvi naweka mwenyewe. Mke wangu alishazoea, wakwe zangu walishangaa wakachoka, na wageni wanadhani ni ukorofi wa uzee tu. Mboga inaletwa haina kitu, kopo linakaa karibu na mkono wangu, nami naweka kiasi ninachotaka huku nikiona. Nikialikwa harusini nakula kama watu wengine, siwezi kuaibisha wenyeji. Lakini kwangu, hapana.

Nimeulizwa sababu mara nyingi na mara nyingi nimesingizia presha. Leo nimechoka kusingizia.

Nilizaliwa mbele kidogo ya Samuye, nyumbani kwa nfumu. Ndivyo tunavyomwita mganga kwetu Usukumani, na huyo nfumu alikuwa baba yangu mzazi. Asije mtu akanielewa vibaya, baba hakuwa mchawi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, aliyejua mizizi ya kutibu tumbo la mtoto na aliyeweza kukaa na mgonjwa mpaka akalala. Kazi yake aliipokea kwa baba yake, na mimi, kifungua mimba wake wa kiume, ndiye niliyetazamiwa kuipokea kwake. Kulikuwa na kidani cha shanga nyeupe kilichoning'inia juu ya kitanda chake tangu sijajua kutembea. Kilikuwa cha babu, na siku moja kingekuwa changu.

Nikaenda mjini Shinyanga kutafuta kazi. Nikaipata kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na huko Kambarage nilikopanga chumba nikalikuta kanisa dogo la matofali ya udongo. Nikaokoka. Siku hizi watu wanalitamka neno hilo kwa wepesi, lakini kwangu lilikuwa na bei. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba, mbele ya baba zangu wadogo wote, kwamba kidani sikitaki, sasa wala baadaye. Mchungaji ndiye aliyenifundisha niseme mbele ya mashahidi. Baba hakunigombeza. Aliingia ndani, akakaa huko mpaka nikaondoka.

Sasa nimtaje rafiki yangu, maana bila yeye hakuna hadithi. Tulibatizwa Jumapili moja, yeye akitangulia kuingia majini, mimi nikimfuata. Kwenye kwaya aliimba sauti ya nne na mimi ya tatu, tukasimama bega kwa bega miaka mingi hata nikawa najua anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Alikuwa mnywaji kabla ya kuokoka. Njia yetu ya kutoka kazini ilipita mbele ya kilabu cha pombe, na jioni za mwanzo alikuwa akifika pale anageukia mlangoni. Basi tukawa na mtindo wetu. Tukikaribia kilabu nilimshika mkono, tukaanza kuimba kwa nguvu zote, mapafu yote, tukipita kama askari wa gwaride. Walevi walitoka nje kutucheka. Wengine walituitikia, na tena vizuri, maana walevi wa Shinyanga wana sauti. Tulipita hivyo mpaka siku moja akaniambia hahitaji tena kushikwa mkono. Nilimpenda mtu yule kuliko ndugu zangu wa damu, nalisema wazi.

Ikaja ile miaka ya mwanzo ya themanini, miaka ya foleni. Kiwanda kilisimama kwa kukosa vipuri, tukaambiwa tungoje nyumbani. Sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo, chumvi iliuzwa kwa kificho kama bangi. Mke wangu alikuwa mjamzito na nyumba yetu ilikuwa imeezuliwa na upepo upande mmoja. Habari za dhahabu ya Geita zilikuwa zimeenea kila mahali. Rafiki yangu akasema twende, na mimi nikasema twende.

Nilipita kumuaga baba. Alitazama koti langu, akaingia ndani, akatoka na kipande kidogo cha mzizi kilichofungwa uzi mweusi.

"Kule watu wanafukiwa," alisema. "Kishone kwenye pindo. Hata usikiamini. Kibebe tu."

Baba zangu wadogo walikuwepo, na mama yangu mdogo, mke mdogo wa baba, alikuwepo. Nikakataa. Nilisema Bwana wangu ananitosha. Baba aliukunja mkono wake juu ya kile kipande, na safari hii hakuingia ndani. Alibaki amesimama palepale uani. Kwetu mtoto akisafiri mzazi humsindikiza mpaka njia kuu. Baba hakunisindikiza.

Nililia njiani. Rafiki yangu, aliyekuwa akinisubiri kwenye njia panda, ndiye aliyenifuta machozi. Alisema nimelipa gharama kubwa na Mungu ameiona. Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu yalikuwa yake.

Machimboni tulipokelewa kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji, lililokuwa la mtu mmoja wa Kigoma, mwenye sauti ya kukwaruza na moyo usio mbaya. Huko hakuna mshahara. Mwenye duara anawalisha, mnachimba, na yakipatikana mawe yenye dhahabu mnagawana mafungu. Yasipopatikana mmekula ugali wake bure, na yeye ameliwa. Tulishuka kwa kamba, tukakata mwamba kwa nyundo na mtaimbo, tukaweka magogo ya kuzuia kuta zisituangukie. Tulichimba mwezi baada ya mwezi. Maduara ya jirani yalitoa, letu likatoa vumbi. Wenzangu waliniita Mlokole, bila ubaya, na walizoea kuniona nikisali na mwenzangu mdomoni mwa shimo kabla ya kushuka.

Mwishowe mwenye duara akachoka. Akasafiri, akarudi na nfumu kutoka upande wa Ushirombo. Yule mtu alizunguka duara, akanusa udongo, akasema dhahabu ipo ila inakimbia. Akatoa unga wa dawa, wa kijivu, akaagiza utiwe kwenye chakula cha kila anayeshuka. Kila anayeshuka, alikazia. Mmoja akibaki nje, mawe yatamwona na yatazama chini zaidi.

Sufuria ilikuwa moja kwa watu wote. Siku hiyo nilikaa pembeni, sikunawa.

Mwenye duara alinifuata.

"Mlokole, njoo ule."

"Siwezi, mzee. Kwa hili unisamehe."

"Nikusamehe mimi au ukusamehe mwamba? Hawa wenzako wana watoto. Unataka wafe njaa kwa ajili ya dini yako?" Alisema bila kupayuka, na hilo ndilo lililonichoma. "Nakupa mpaka keshokutwa. Unakula, au unapanda juu, unaenda zako."

Mtu asiyejua jaribu atasema ni jambo dogo, unga kidogo kwenye mboga. Nami nilijiambia hivyo. Nilimfikiria mke wangu chini ya paa bovu. Nilifikiria kwamba Mungu haangalii tumbo, anaangalia moyo, na hoja nyingine nzuri nzuri ambazo shetani akiwa kazini huzitoa bure. Kisha nikamkumbuka baba amesimama uani na mkono uliokunjwa. Kama nilikataa cha baba yangu aliyenizaa, aliyenipa kwa upendo, nitakula cha huyu mpita njia kwa sababu ya njaa? Basi nilimdhalilisha baba kwa ajili ya nini?

Nilimwendea rafiki yangu kwenye vibanda vyetu vya nyasi, nikamwambia ukweli wote. Nilimwambia nimetikisika. Nilimwambia kesho huenda nikala. Alinipigisha magoti, akaomba kwa sauti ya nne ile ile ya kwaya, akamtaja mke wangu, akamtaja hata baba yangu, mpaka nikatulia. Tulipoinuka akasema amepata wazo. Tujitenge na sufuria yao. Atatafuta sufuria ndogo, tutapika wenyewe, sisi wawili, kama wale vijana wa kwenye Biblia waliokataa vyakula vya mfalme. Na kwa mwenye duara atakwenda kuniombea yeye.

"Niachie mimi," alisema. "Wewe shika imani yako tu."

Akaenda, akarudi anatabasamu. Mwenye duara amekubali.

Nilishangaa, lakini nilikuwa nimeomba, na mtu aliyeomba hachunguzi sana jibu. Keshokutwa ikapita, sikufukuzwa. Wenzangu hata hawakuninunia. Nikasema Mungu amewafunga midomo.

Basi tukawa na sufuria yetu. Mimi niliteka maji na kutafuta kuni, yeye alipika. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, siku nyingine michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mke wangu alinifungia safarini. Na tulikuwa na chumvi! Rafiki yangu alikuwa na kopo dogo la bati, lenye mfuniko uliobana, akasema amelipata kwa mlanguzi mmoja anayefahamiana naye. Katika miaka ile kuwa na chumvi yako ni kama leo kuwa na gari. Haikuwa nyeupe, ilikuwa na rangi ya majivu, lakini chumvi ya magendo ilikuwa na rangi zote. Kopo alilitunza yeye, na kuweka aliweka yeye, vidole vitatu, kwa uangalifu, kwa sababu ilikuwa adimu.

Kisha alikuwa akiniambia, kila jioni, kabla hatujagusa tonge:

"Omba wewe, ndugu. Wewe ndiye mwenye imani."

Nami niliomba. Nilifumba macho, nikainua mikono juu ya sufuria ile, nikamshukuru Mungu kwa kunitenga na meza ya mashetani. Yeye alijibu Amina.

Mawe yakatoka. Hayakuwa ya kutajirisha mtu, ila yalitosha kwa kila fungu kuwa na maana. Tulitwanga, tukaosha kwenye makarai, na ile rangi ya dhahabu ikabaki chini ya karai, njano na nzito, nikaanguka magoti palepale kwenye tope. Wenzangu walimshangilia nfumu. Mimi moyoni nikawacheka. Nilijua wawili kati yetu hatukula, na mawe yametoka vilevile. Uongo wa yule mtu ulikuwa umefumuliwa, na aliyeufumua ni mimi.

Tulirudi Shinyanga kuona familia. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilikuwa na ulimi mzuri wakati ule. Nilieleza kila kitu: nfumu, unga, keshokutwa ya mwenye duara, sufuria ya watu wawili. Nilimtaja na baba yangu. Nilisema, mbele ya kanisa zima, kwamba nilichagua Baba wa mbinguni nikamwacha wa duniani, na angalieni sasa nani amenilisha. Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji alilia. Kutoka safu ya sauti ya nne nilisikia Amina iliyozidi zote.

Tuliporudi machimboni ushuhuda ulikuwa umetangulia kufika. Habari husafiri, hasa zikimgusa mtu pabaya. Mwenye duara alikuwa amekaa juu ya kifusi, asubuhi, anakunywa uji. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Rafiki yangu alikuwa amekwenda kijitoni kuosha masalio ya mawe.

"Nasikia umenitangaza kanisani," alisema.

"Sikukutaja kwa jina, mzee."

"Umesema hukula."

"Sikula."

Akacheka, kicheko kifupi. Kisha akanitazama vizuri, na nadhani alipoona uso wangu aligundua kitu, kwa sababu kicheko kilimwisha. Aliliweka bakuli chini.

"Kumbe hujui," alisema. "Ulikula, Mlokole. Ulikula kuliko sisi sote, kwa sababu sisi tulikula cha kugawana. Nenda kamwulize mwenzako lile kopo la chumvi alipewa na nani."

Sikukimbia. Nilitembea. Nilikuwa najua tayari, miguu yangu ilijua, lakini kichwa kilikuwa kinatafuta njia nyingine yoyote ya kuelewa maneno yale.

Nilimkuta ameinama, karai mikononi, maji ya tope yanazunguka. Nikamwuliza. Alitulia, akamwaga yale maji taratibu, akaweka karai chini. Hakukataa. Mpaka leo najiuliza kama ningemchukia kidogo zaidi au kidogo chini ya hapo kama angekataa.

"Angetufukuza wote wawili," alisema. "Alisema sote au hakuna. Ningefanya nini? Mkeo yuko vile. Wewe mwenyewe uliniambia kesho utakula."

"Nilikwambia ili uniombee!"

"Nilikuombea. Na ndiyo maana nilifanya hivi, usije ukala mwenyewe ukijua. Ndugu, hebu nisikilize. Wewe hukujua, kwa hiyo huna dhambi. Dhambi nimeibeba mimi. Nilikuokoa."

Aliyasema hayo machozi yakimtoka, na nadhani aliyaamini. Hiyo ndiyo sumu yake. Angekuwa mlaghai aliyenicheka kisogoni ningempiga, na kwa kweli mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Lakini alisimama pale kama mtu anayengoja kushukuriwa.

"Kwa nini uliniambia niombe?" nilimwuliza. "Ungeniwekea ukanyamaza. Kwa nini kila siku uliniambia niombe mimi?"

Alitazama karai. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba alidhani maombi yangu yangeisafisha.

Nilichukua koti langu nikaondoka siku ileile. Yeye alibaki, na baadaye nilisikia alirudi kwenye pombe. Sikwenda kumshika mkono. Watu wakiniambia nimsamehe huwa nawaambia nimemsamehe, na huwa naona kwa nyuso zao kwamba hawaniamini, nao hawajakosea.

Nilimwendea mchungaji. Nilimwomba Jumapili niruhusiwe kusimama nisahihishe ushuhuda wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema chakula kilicholiwa bila kujua hakimtii mtu unajisi, na kuhusu ushuhuda, ni bora niuache ulivyo. Vijana wengi walikuwa wameimarika kwa ule ushuhuda. Wawili walikuwa wamechoma hirizi zao. Nikisimama sasa nitawaangusha. Kwa mafundisho ya dini huenda alikuwa sahihi kabisa. Lakini nilitoka pale nikijua kwamba sasa ni watu wawili walioamua, kwa faida yangu, ninachopaswa kuwa nimekifanya. Kwa muda mrefu vijana walipita wakanisalimu kwa heshima, nami nikaitikia marahaba nikitazama chini.

Imani sikuiacha. Wengine hutegemea niseme niliiacha. Hapana, niliyemkosea sikumwona kuwa ni Mungu, na aliyenikosea hakuwa Mungu pia. Ila nilikoma kuimba kwaya. Sikuweza kusimama mbele ya safu ya sauti ya nne.

Kilichobaki kilikuwa ni baba.

Nilimnunulia blanketi, nikamnunulia mama mdogo kanga. Dukani waliniuliza kwa kunong'ona kama nataka na chumvi, imeingia kidogo. Nikasema sitaki. Nilifika nyumbani mchana, jua limeanza kuegemea. Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe mlangoni.

"Mwadila, baba."

"Mwadila," aliitikia salamu yangu ya mchana.

Alinipa kigoda. Alikuwa amezeeka kwa muda mfupi ule. Habari za ushuhuda wangu zilikuwa zimemfikia, nilijua kwa jinsi alivyonipa kigoda bila kuniuliza za safari. Nikamweleza yote, kwa Kisukuma, polepole, nikiwa nimetazama mikono yake juu ya ule mpini. Sikuacha kitu. Nilimweleza hadi maombi.

Aliulaza mpini chini. Kisha akasema:

"Changu ulikikataa mbele ya ndugu zangu. Cha mtu baki ukakila, ukakibariki."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapanga mambo yalivyotokea, kama anavyomweleza mgonjwa ugonjwa wake. Nilitaka kumwambia sikujua. Niliona kwamba hilo halimjibu, nikaliacha. Nililia mbele yake, mtu mzima mwenye mke na mtoto, na hakunizuia.

Mama mdogo akaleta chakula. Ugali na majani ya kunde. Aliweka kati yetu, akamimina maji tukanawa.

Sikunyoosha mkono. Nakwambia sikukusudia. Nililitazama lile bakuli la mboga, rangi yake, mchuzi wake, nilivyokuwa natazama kila chakula tangu nitoke kijitoni. Nilipoinua macho baba alikuwa ananitazama. Alikuwa ameona.

Nilidhani atainuka. Badala yake alinyoosha ule mkono wake mkubwa ukavuka upande wake, akamega ugali upande wangu, akachovya kwenye mboga pale ningechovya mimi, akala. Akatafuna polepole, akameza, akafungua mdomo kidogo kama afanyavyo mtoto anayekuonyesha kwamba dawa ameimeza. Kisha akalisukuma bakuli kunielekea.

Nikala. Mboga haikuwa na chumvi hata chembe.